Mtoto Yuko Upande wa Magunia

Pale Mwembesongo, ukutani kwa stoo ya viungo ya Abasi, kuna benchi la mbao ambalo mtaa mzima uliliita Bunge la Redandansi, kwa sababu lilianza kujaa mwaka ule viwanda vilipoanza kupunguza watu, na maduka nayo yakaanza kujaa sabuni za kila rangi ambazo waliopunguzwa hawakuweza kuzinunua. Benchi lilinukia karafuu na mdalasini kutoka milimani, na kahawa ya Mzee Abdulmajid, ambaye aliweka jiko lake la mkaa pembeni, akagonga vikombe, akasubiri ubishi uanze, maana watu wakibishana hunywa zaidi. Wabishi wa kudumu walikuwa watatu. Kwanza Abasi mwenyewe, mwenye stoo, jina la kijiweni Soko Huria. Wa pili Kasimiri, fundi mitambo aliyepunguzwa kiwanda cha nguo, ambaye ndiye Redandansi wa kwanza na mwenyekiti. Wa tatu Mwalimu Bartholomeo, anayefundisha fizikia kwenye shule mpya ya binafsi huko Kihonda, shule yenye geti kubwa na maabara isiyo na kitu, ndiyo maana vipindi vya vitendo alikuja kuvimalizia hapa benchini. Huyo walimwita Chembe.

Eufrazia hakuwa mtu wa kijiweni. Mke wa mtu, tena mdogo vile, hapiti mbele ya benchi la wanaume bila kuinamisha macho. Lakini asubuhi hiyo alikuja moja kwa moja, Tumaini mgongoni, kanga imelegea, pumzi juu, kwa sababu kliniki iko nyuma tu ya stoo na nesi alikuwa amemwambia mtoto ameshuka, mwezi uliopita karibu kilo saba na leo sita na robo, haya kaa nje anyamaze maana anarusharusha miguu, nitampima tena kabla sijafunga, na mshale ukisimama palepale leo hii mnalala wodini. Wodi angeivumilia. Kilichomtoa jasho ni Asia, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni na mwanawe mkononi. Asia hakusema kitu, aliguna tu, na mguno ule kila mama pale barazani aliuelewa: mtoto kabemendwa. Mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa mtoto hudhoofika, ndivyo wanavyosema, na Victor, baba yake Tumaini, yuko Mererani kwenye machimbo tangu kiwanda kilipompunguza, hajarudi toka mtoto azaliwe. Kwa hiyo mshale ule haukushuka peke yake, ulishuka na jina la Eufrazia, na kufika jioni mguno ungekuwa umefika kwa mama mkwe, na kutoka kwa mama mkwe mpaka Mererani si mbali.

— Shikamooni.

— Marahaba, alijibu Mzee Abdulmajid kwa niaba ya wote. Karibu, mwanangu. Mbona unahema hivyo?

— Kaka Abasi, naomba mizani yako, naomba unipimie mtoto sasa hivi kabla nesi hajaniita, nesi anasema kapungua na mimi najua hajapungua, ananyonya, uji anakunywa mpaka anaramba kijiko, sasa nataka nijue mwenyewe, maana kuna watu wameshaanza kuguna huko, nikirudi nirudi najua.

Mzee Abdulmajid alisikia lile neno kuguna akaacha kugonga vikombe.

— Mimi napima pilipili manga, dada yangu, alisema Abasi. Binadamu sijawahi.

— Kilo ni kilo, alisema Kasimiri. Au Soko Huria umeshaibinafsisha na kilo?

Abasi aligeukia mlangoni. Mizani yake ilitundikwa mlangoni, uso kama wa saa ya ukutani, mshale mmoja, na chini yake sinia la bati linaning'inia kwa minyororo. Alilifuta kwa kiwiko. Eufrazia akamfungua Tumaini, akamlaza humo, na Tumaini, bati la baridi lilipomgusa mgongo, akakunja miguu yote miwili akaiachia kwa pamoja. Sinia likayumba. Mshale ukaenda tano, ukaruka nane, ukarudi sita, ukapita. Mtoto akapiga chafya ya mdalasini.

— Chukua katikati, alishauri Kasimiri.

— Katikati ya nini na nini? aliuliza Abasi. Haujasimama hata mara moja.

Hapo Mwalimu Bartholomeo alinyanyuka na kikombe chake, uso umemchangamka kama aliyeona mgeni wake akishuka kwenye basi.

— Mmeona. Wiki nzima nawaeleza mnaniambia nawafunga kamba, sasa mmeona kwa macho yenu. Ili umpime lazima umweke kwenye sinia. Ukimweka anashtuka. Akishtuka, unayempima si yule uliyetaka kumpima.

— Basi nimnyonyeshe kwanza atulie, alisema Eufrazia.

— Ukimnyonyesha atatulia, dada, lakini utakuwa umepima na maziwa. Akiwa mwenyewe hatulii, akitulia si mwenyewe. Umebana huku, kumeponyoka kule.

Eufrazia alimtoa mtoto, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongo. Hakujua kama amesaidiwa au amechanganywa. Aliangalia upande wa kliniki. Nesi alikuwa bado anaita majina.

— Mwalimu anatuletea ile habari yake ya Mjerumani, Abasi alimweleza, akikaa. Kuna Mjerumani kasema huwezi kujua kitu kiko wapi na kinakwenda wapi kwa wakati mmoja.

— Kitu kidogo, alisahihisha Chembe. Elektroni. Ndogo kuliko yoyote unayoiwaza. Ukijua sawasawa iko wapi, mwendo wake unakuponyoka. Ukijua mwendo, hujui iko wapi.

— Mjerumani huyu ndiye aliyejenga Boma?

— Mwingine, Kasimiri. Huyu wa baadaye, wakati walishaondoka hapa.

— Ndiyo maana. Mtu akishanyang'anywa nchi yote hii lazima aanze kutilia shaka kila kitu.

Mzee Abdulmajid alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mkaa. Akammiminia Eufrazia kikombe bila kuulizwa, akamwonyesha kigoda. Eufrazia akakaa, kwa sababu Tumaini alikuwa ameanza kuzisikiliza zile sauti nzito akanyamaza.

— Haya niambie kwa nini, alisema Kasimiri. Kwa nini hujui? Si uangalie tu?

— Utaangaliaje bila mwanga? Lazima uimulike. Na kile kimwanga unachoimulikia kikiigusa tu, kinaisukuma. Ukishaiona, imeshahama.

Kasimiri aliweka kikombe chini polepole.

— Sasa nimejua kilichokiua kiwanda chetu.

— Usianze, alisema Abasi.

— Niache niseme. Mashine zilikuwa zinazunguka. Vitenge vinatoka. Mshahara unachelewa, lakini unafika. Wakaja wataalamu na makabrasha yao, wakapima huku, wakapima kule, wiki ile ile tukaambiwa kiwanda kinakula hasara. Hasara haikuwepo, bwana. Waliileta wao kwa kuitafuta.

— Sivyo hata kidogo, alisema Chembe. Kiwanda si elektroni.

— Wewe umesema kikimulikwa kinahama. Sisi tulimulikwa, tukahama. Mimi nimehamia hapa.

— Hata bei ni hivyo, aliingilia Abasi. Nenda Mkuyuni alfajiri, nanasi halina bei. Lipo tu limelala. Mnunuzi wa Dar ashuke kwenye lori aulize shilingi ngapi, hapo hapo bei inazaliwa, na akiuliza mara ya pili imeshaota meno. Zamani Serikali ilipokuwa inapanga bei, bei tulikuwa tunaijua, nanasi hatulioni. Sasa nanasi tunaliona, bei hatuijui.

— Hapo umenikaribia, alisema Chembe kwa huzuni. Sijui hata umefikaje.

— Mimi nina swali la mlima, alisema Mzee Abdulmajid.

Wote wakageuza vichwa. Uluguru ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka mabegani, haionekani hata ile njia ya kupandia.

— Miaka yote nakaa hapa nautazama. Wingu likiufunika mnakubali tu kwamba upo. Nani amehakikisha? Huenda wingu likishuka mlima nao unakwenda zake kupumzika, likiondoka unarudi.

— Mzee, kule juu kuna watu wanalima kabichi saa hizi, alisema Abasi.

— Nao wanakwenda nao. Muulize mtu wa juu, atakwambia wingu likishuka yeye haoni mji. Labda mji nao haupo.

— Ndiyo maana umeme unakatika, alisema Kasimiri.

Eufrazia alijikuta anatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaona aibu, akalificha tabasamu kwenye kikombe. Lakini Mwalimu Bartholomeo hakucheka. Mwalimu akishaeleweka vibaya na watu watatu mfululizo hawezi kulala, kwa hiyo aliweka kikombe, akavuta suruali magotini, akaeleza upya, safari hii taratibu.

— Nisikilizeni, mimi mwenyewe ndiye niliyewapoteza na ule mfano wa kusukuma. Jambo lenyewe ni zito zaidi. Si kwamba elektroni ina mahali pake na mwendo wake, halafu sisi kwa uzembe wetu tunaivuruga. Wanaozisoma wengi wanasema hata usipoigusa, yenyewe haina mahali kamili na mwendo kamili kwa pamoja. Si kwamba hatujui. Hakipo cha kujua, mpaka upime.

Eufrazia alisimama. Kahawa ilimwagika kwenye kanga, hakuiona.

— Hakipo? Mwalimu, unasema hakipo? Kwa hiyo mwanangu hapa hana uzito mpaka nesi ampime, akisema sita na robo ndiyo inakuwa sita na robo, angesema saba ingekuwa saba? Kwa hiyo mimi nimeharibu kwa kumpeleka leo, ningempeleka kesho?

Mzee Abdulmajid alimtazama Chembe kwa jicho la mtu aliyeona kijana wake kamwaga maji ya moto.

— Hapana, dada, kaa, alisema Chembe. Hapana. Hiyo ni kwa vitu vidogo. Mtoto ni kitu kikubwa.

— Mkubwa? Ndiyo kwanza anakaa.

— Ukilinganisha na elektroni, Tumaini ni mlima.

— Sasa hapo ndipo unapotupiga changa la macho kila siku, alisema Kasimiri. Vidogo vina sheria zao, vikubwa vina zao. Mpaka uko wapi? Maana mtoto huyu ametengenezwa na hizo hizo elektroni zako. Tukianza na moja, tukaongeza moja, tukaongeza moja, ni ipi itakayosema kuanzia hapa mimi ni mtoto?

— Kama Kihonda, alisema Abasi. Zamani ukitoka mjini unajua hapa mji umeisha, pori limeanza. Sasa nyumba moja, nyumba mbili, gereji, shule ya Mwalimu na geti lake. Nionyeshe mji unapoishia.

— Ni hivyo hivyo, alisema Chembe. Moja peke yake ina mambo yake. Zikiwa nyingi, zinagusana, hewa inazigusa, mwanga unazigusa, joto linazigusa, zile tabia zinafifia, huzioni tena. Gunia halina tabia hizo. Mlima hauna, Mzee, upo, nenda ukajigonge. Ila mkiniuliza zikifika ngapi ndipo kinakuwa kitu cha kawaida, mimi sijui. Na wanaojua kuliko mimi wanabishana mpaka leo.

— Kumbe nao wana benchi lao, alisema Mzee Abdulmajid.

— Mwalimu, alisema Eufrazia, sauti imeshuka. Mimi mpaka siutaki. Niambie tu mwanangu yuko upande gani.

— Upande wa magunia, alijibu Chembe bila kufikiri. Huo mpaka, popote ulipo, yeye aliuvuka zamani, kabla hujajua una mimba. Uzito wake anao sasa hivi, hapo begani kwako. Apimwe asipimwe, watu wagune wasigune, ni ule ule.

— Una hakika?

— Kwa elektroni sina. Kwa mtoto ninayo.

Eufrazia alimtazama mwanawe. Tumaini alikuwa amelala, kinywa wazi, amechoshwa na fizikia. Akavua kanga ya juu, akaikunja, Abasi akaitandika kwenye sinia, na wakamlaza mtoto kwa mikono minne, taratibu, wakaachia kidole kimoja kimoja. Minyororo ikalia kidogo. Sinia likatulia. Mshale ukapanda, ukasitasita, ukasimama, na safari hii kila mtu aliuona.

Kilo sita kamili.

— Lakini kule ilikuwa na robo, alisema Eufrazia. Kule ilikuwa sita na robo, na hapa kuna kanga ndani. Amepungua tena, tangu nitoke pale mlangoni amepungua tena, mwanangu anaisha, jamani anaisha nikimwangalia.

Kasimiri aliangalia viatu vyake. Abasi ndiye aliyekuwa na sura ya ajabu, jasho linamtoka puani kama mtu aliyekula pilipili za biashara yake mwenyewe, anautazama mshale, anamtazama mama, anautazama mshale.

— Mtoe humo, alisema.

— Amelala, mwache.

— Mtoe, dada. Hiyo si ya watu.

— Kilo ni kilo, tulishakubaliana, alisema Kasimiri.

— Hiyo ni ya kununulia.

Ilichukua muda. Mzee Abdulmajid ndiye aliyeelewa kwanza, akatikisa kichwa. Watu wa milimani wakishuka na pilipili manga na iliki vichwani, Abasi huwapimia pale mlangoni. Wanunuzi wa mjini wakija, Abasi huwapimia ndani.

— Na ya ndani ndiyo ya kuuzia, alisema Kasimiri, polepole, utamu umemjaa mdomoni.

— Biashara ndivyo ilivyo. Mimi si wa kwanza.

— Mimi iliki ya kahawa nanunua kwako, Abasi, alisema Mzee Abdulmajid.

— Wewe nakupimia ya ndani, Mzee.

— Ndicho ninachosema.

Eufrazia hakuwa na nafasi ya kumkasirikia mtu. Alikuwa ameshaingia stoo, mtoto mkononi, anapita katikati ya magunia anaitafuta hiyo ya ndani. Wakamlaza tena, kanga ile ile, usingizi ule ule. Kilo saba na nusu.

— Kilo na nusu ndani ya dakika chache, alisema Kasimiri kutoka mlangoni. Dada, huyu usimpe uji tena. Mpe mizani tu.

— Na bwana vipimo akija kukagua? aliuliza Chembe.

— Nina jiwe la kilo tano lenye muhuri. Siku hiyo nageuza skrubu, zote zinakubaliana na jiwe. Akiondoka narudisha.

Chembe alikaa juu ya gunia la karafuu.

— Akitazamwa anapima kweli, asipotazamwa anapima vyake. Nimekosa usingizi kutafuta mfano, kumbe umetundikwa mlangoni kwa Abasi. Na wala si kwanta, si mambo ya elektroni. Ni wizi wa kawaida, wa upande wa magunia.

Wakaanza kubishana upya, sauti zote tatu kwa pamoja. Kasimiri akidai uzito wa kweli ni nusu ya njia, Abasi akidai hapana, ya kununulia hula zaidi kuliko ya kuuzia inavyoongeza, yeye ndiye anayezijua, Chembe akidai mwizi hawezi kuwa shahidi wa mizani zake. Eufrazia alisimama katikati yao akimfunga Tumaini mgongoni. Kuna kitu kilikuwa kimemwingia kichwani, kidogo tu, akakisema kabla hakijatoka.

— Na ile ya kliniki, ni ya kununulia au ya kuuzia?

Mwalimu Bartholomeo alitafuta jibu kwenye kikombe, kikombe kilikuwa na machicha tu. Mzee Abdulmajid akainamisha birika kumwongezea, likatoa matone mawili.

Abasi aliingia nyuma ya magunia, akarudi na kitu kimefungwa gazeti. Hakumtazama mtu usoni.

— Chukua. Hili halina upande.

Eufrazia alikwenda nalo, mtoto mgongoni, jiwe la chuma kifuani, mzito huku na huku. Kwenye baraza ya kliniki akina mama walijipanga kumpisha wakidhani kabeba chakula. Nesi alikuwa anafuta jasho.

— Mama Tumaini, ulikuwa wapi? Mlete.

— Naomba upime hili kwanza.

— Hilo nini?

— Kilo tano. Lina muhuri wa Serikali. Naomba tu, dada nesi, halirushi miguu.

Nesi alitaka kukataa, ilionekana. Lakini alikuwa amechoka, na kukataa kungechukua muda mrefu kuliko kukubali. Akalitumbukiza jiwe kwenye ile suruali ya kitambaa wanayovalishwa watoto, akaitundika kwenye ndoano. Jiwe lilikaa mle na miguu miwili ya suruali ikining'inia mitupu. Mshale haukucheza. Ulikwenda moja kwa moja ukasimama.

Nne na robo.

Nesi alisogea karibu na kioo. Akalitoa jiwe, akalitundika tena. Nne na robo. Akageuza mizani nyuma, akatafuta skrubu kwa ukucha, mgongo kwa watu.

— Mwezi huu wote watoto wanashuka, alisema, kama anajisemea. Nikasema ni unga umepanda bei. Nimewapeleka wodini, mimi, kwa mkono wangu.

Akaomba kisu. Akageuza, akatundika jiwe, akageuza, akatundika, mpaka mshale na jiwe vikasema neno moja. Kisha akamchukua Tumaini mgongoni mwa mama yake, akamvika suruali. Tumaini aliamka akarusha miguu kama kawaida yake, na mshale ukacheza huku na huku, lakini sasa ulicheza kuzunguka mahali pamoja.

Nesi siku zote alitaja uzito kwa kunong'ona. Leo alitoka nao mpaka mlangoni.

— Tumaini, kilo saba, alisema, baraza nzima ikasikia. Na waliopimwa tangu asubuhi hakuna kuondoka. Tunaanza upya. Anayefuata.

Aliyefuata alikuwa Asia.